Kampaundi yangu imewasha seli zenye VVU vilivyolala: nitajuaje kwamba virusi vimeamka kweli?

Mwulizaji: Mizizi_na_Seli

Ndugu wanajukwaa,

Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kemikali zinazoweza kuamsha VVU vilivyolala ndani ya seli, na nimefika mahali ambapo matokeo yangu yananipa furaha asubuhi na shaka jioni. Seli ninazotumia ni za ukoo wa J-Lat, yaani seli T (seli za kinga) za ukoo wa Jurkat zilizopandikizwa kirusi ambacho jeni yake ya nef imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na jeni ya protini ya kijani inayong'aa. Kirusi kikiwa kimelala, seli haing'ai. Kikianza kunakiliwa, seli inageuka kijani na mashine ya saitomita inaihesabu.

Kampaundi ninayoipima ilitengwa na mwenzangu wa idara ya kemia kutoka kwenye mizizi ya mmea. Ni unga wa manjano usioyeyuka vizuri katika maji, kwa hiyo ninauyeyusha kwanza katika kiyeyushi kiitwacho DMSO. Niliziacha seli pamoja nayo kwa saa 24, kisha nikazipitisha kwenye mashine. Seli zilizopewa DMSO peke yake ziling'aa kama 2 katika kila 100. Zilizopewa PMA, kemikali inayojulikana kuviamsha virusi na ambayo ndiyo ninayolinganishia, ziling'aa zaidi ya 60 katika kila 100. Kampaundi yangu iliwasha 9 katika kila 100 kwa dozi ya kati, na 21 kwa dozi ya juu. Hata hivyo, kwa dozi hiyo ya juu zaidi ya nusu ya seli zilikuwa zimekufa, jambo ambalo nililiona kwa hadubini hata kabla ya kufika kwenye mashine.

Msimamizi wangu ameridhika na anapendekeza tuanze kuandika. Mimi bado nina maswali matatu. La kwanza, je, idadi hizi zinatosha kusema kwamba kampaundi inaamsha virusi? La pili, kwa nini hata PMA haikuwasha seli zote, ilhali zote zimetokana na seli moja mama na kila moja ina kirusi mahali palepale kwenye DNA? La tatu, ninashauriwa nirudie jaribio kwa seli za U1 na ACH-2, ambazo nazo zina VVU vilivyolala, ili kuthibitisha. Je, huo ni uthibitisho wa aina gani?

Nitashukuru kwa majibu ya watu waliowahi kuzishika seli hizi kwa mikono yao.

---

Jibu la 1: Hadubini

Ndugu Mizizi_na_Seli, shaka yako ya jioni ina haki zaidi kuliko furaha yako ya asubuhi. Nitaanza na neno moja ulilolitaja kama kwa kupita tu: manjano.

Kitu huonekana cha manjano kwa sababu kinafyonza mwanga wa bluu. Mashine nyingi za saitomita huipiga seli kwa leza ya bluu ya nanomita 488, kisha hutafuta mwanga wa kijani unaorudi karibu na nanomita 510, ambao ndio mwanga wa protini yako. Sasa fikiria kampaundi inayofyonza bluu, imejilimbikiza ndani ya seli na kwenye utando wake, na pengine yenyewe inarudisha kijani, kama zinavyofanya flavonoidi kadhaa za mimea. Mashine haiwezi kujua kama kijani hicho kimetoka kwa kirusi au kwa mzizi. Dawa ya ugonjwa huu ni rahisi na ya bei ndogo: chukua seli za Jurkat za kawaida zisizo na kirusi chochote, zipe dozi zilezile kwa saa zilezile, zioshe vilevile, uzipitishe kwenye mashine kwa mipangilio ileile. Seli hizo zikingʼaa, kampaundi ndiyo inayong'aa. Binafsi siwezi kusoma matokeo ya kemikali yoyote ya mimea yasiyo na linganishi hilo, na nakushauri usiandike hata sentensi moja kabla ya kulifanya.

Jambo la pili ni vifo. Seli iliyokufa au inayokufa hung'aa kidogo yenyewe bila sababu ya virusi, na tena hunasa rangi na kingamwili ovyo. Kwa hiyo unahitaji rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, iwe ya urefu wa mawimbi ulio mbali na kijani, ili uzitoe seli hizo kwenye hesabu kabla ya kuangalia kitu kingine. Toa pia seli zilizogandana mbili mbili, kwa maana moja iliyowaka ikigandana na isiyowaka, mashine itazihesabu kama seli moja iliyowaka.

Lakini hata ukishafanya hivyo, asilimia bado inaweza kukudanganya, na huu ndio mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu wengi kuliko mingine yote. Chukua seli 10,000 ambazo 2 katika kila 100 zinang'aa, yaani 200. Tuseme kampaundi haiamshi chochote, ila inaua seli 6,000, na kwa sababu yoyote ile zile 200 zinazong'aa zikanusurika. Sasa unazo seli 4,000 zilizo hai, na 200 kati yake zinang'aa, yaani 5 katika kila 100. Umepanda kutoka 2 hadi 5 bila kirusi hata kimoja kuamka. Kwa hiyo usiripoti asilimia peke yake. Weka katika kila sampuli shanga ndogo za plastiki ambazo idadi yake inajulikana, zile zinazouzwa kwa kazi hiyo, nawe utaweza kupata idadi halisi ya seli hai zinazong'aa katika kila mililita. Idadi hiyo ikipanda, una jambo la kusema. Asilimia ikipanda na idadi halisi ikabaki ilipokuwa, umepima sumu.

Mwisho, hakikisha kiasi cha DMSO ni kilekile katika kila kisima cha sahani ya seli, pamoja na kile cha linganishi. Watu huongeza dozi kwa kuongeza ujazo, na DMSO inapanda pamoja nayo bila wao kugundua. Mimi sivuki 0.1 katika kila 100.

---

Jibu la 2: Kumbukumbu_T

Hadubini amesema ya mashine, nami nitajibu swali la pili, kwa kuwa ndilo lililonivutia zaidi.

VVU hujishona kwenye DNA ya seli T, na baadhi ya seli hizo hurudi kwenye utulivu zikawa seli za kumbukumbu kabla virusi havijaziua. Katika utulivu huo mambo kadhaa hukutana kuvinyamazisha virusi. Protini ya NF-κB, ambayo ni kama mkono unaoshika swichi ya virusi, imezuiliwa nje ya kiini cha seli. DNA ya virusi imefungwa kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa, na vikundi vya kemikali viitwavyo asetili vimeondolewa kwenye histoni hizo, na kwa hiyo imekazwa kama uzi kwenye kibiringo. Vipengele vinavyouwezesha unakili uendelee mpaka mwisho vimefungiwa kwingine, na unakili unaoanza hukatika baada ya hatua chache. Juu ya yote hayo, hakuna Tat. Protini hiyo ya virusi ndiyo huondoa kizuizi cha unakili, nayo hutengenezwa na unakili huohuo ambao haujaondolewa kizuizi.

Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Swichi ya VVU ni mduara unaojilisha: Tat kidogo huleta unakili, unakili huleta Tat zaidi. Seli mbili pacha zenye kirusi mahali pamoja zinaweza kutofautiana kwa molekuli chache tu za Tat au za NF-κB katika saa ile uliyoweka kemikali, na tofauti hiyo ndogo huamua kama mduara utashika au utazimika. Ndiyo maana hupati seli zote zikiwa na kijani hafifu. Unapata baadhi zikiwa kijani kabisa na nyingine zikiwa giza. PMA huongeza uwezekano wa mduara kushika, lakini bahati bado ina sehemu yake. Ukizichuja zilizobaki giza, ukazipumzisha, kisha ukazipa PMA tena, usishangae baadhi yake zikiwaka safari hiyo.

Jambo hili si la Jurkat peke yake. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa virusi vilivyokataa kuamka katika seli za watu wenye VVU baada ya seli hizo kuchochewa kwa nguvu zote. Kati ya nakala 213 zilizosomwa, nyingi zilikuwa na kasoro zisizoweza kutengenezeka, lakini 11.7 katika kila 100 zilikuwa kamili, na hakukuwa na chochote katika mfuatano wao kilichoeleza kwa nini hazikuamka. Kipimo cha maabara kilichotegemewa kwa miaka mingi kilikuwa kikiwahesabu waliofungua mlango tu, na kuwaacha waliokuwa ndani kimya.

Sasa kuhusu njia ambayo kampaundi yako inaweza kuwa inapitia. PMA hutokana na mafuta ya mbegu za mmea uitwao Croton tiglium. Inajifanya kuwa diasilgliseroli, ile ishara ya asili ya ndani ya seli, na hivyo huamsha protini kinasi C, ambayo mwishowe huiachia NF-κB iingie kwenye kiini. Ni ndugu wa karibu wa prostratini, iliyotengwa kutoka kwenye mti wa Homalanthus nutans, ambao waganga wa Samoa wameutumia kwa muda mrefu kwa wagonjwa wa ini. Mwaka 1992 ilichapishwa kwamba prostratini inazikinga seli dhidi ya VVU, na baadaye ikaonekana kwamba huviamsha vilivyolala, huku ikiwa haichochei uvimbe wa saratani kama PMA inavyofanya. Brayostatini, inayotoka kwa mnyama mdogo wa baharini aitwaye Bugula neritina, nayo hupitia mlango huohuo. Kwa kuwa kampaundi yako imetoka kwenye mzizi, uwezekano wa kuwa katika jamaa hii ni wa kuuangalia kwanza. Zitangulizie seli kizuizi cha protini kinasi C kwa muda mfupi, kisha ongeza kampaundi. Mwanga ukizimika, umejua mlango. Pima pia CD69, protini iliyo juu ya seli, ambayo hupanda seli T inapochochewa. Kirusi kikiamka huku CD69 ikiwa imebaki chini, basi una kitu kinachoviamsha virusi bila kuitikisa seli nzima, na hicho ndicho watu wamekuwa wakikitafuta tangu miaka ya 1990.

Kundi la pili ni la vizuizi vya vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, kama vorinostati, panobinostati na romidepsini. Kundi la tatu, lenye JQ1, hufanya kazi kwa kuing'oa protini BRD4 kwenye kromatini (DNA pamoja na histoni zake) na kuviachia vipengele vile vilivyofungiwa vimfikie Tat. Ukijua mlango, utajua pia ni kemikali gani ya kuilinganisha na yako. Kuipima kampaundi kwa PMA tu ni kuipima kwa mwanariadha wa mbio ambazo huenda haikuziingia.

---

Jibu la 3: Kisima_96

Kwa swali la tatu: U1 na ACH-2 hazitakupa uthibitisho unaoutarajia. U1 zilitokana na seli za U937 za jamii ya monositi, na virusi vyake vina mabadiliko katika Tat. ACH-2 ni seli T, lakini kirusi chake kina badiliko katika TAR, mahali ambapo Tat hushikilia. Kwa maneno mengine, virusi hivyo vimelala kwa sehemu kubwa kwa sababu ni vilema wa mduara uleule alioueleza Kumbukumbu_T. Kampaundi yako ikiviamsha, utakuwa umejifunza kwamba ina nguvu ya kupita kilema hicho. Isipoviamsha, hutakuwa umejifunza mengi.

Na kumbuka kwamba J-Lat zina kasoro ya makusudi kwenye jeni ya env, kwa hiyo chembe zinazotoka haziwezi kuambukiza seli nyingine. U1 na ACH-2 hutoa virusi vinavyoambukiza. Kabla hujazileta katika chumba chako, zungumza na anayesimamia usalama wa kibiolojia, maana chumba, mavazi na utaratibu wa taka havitabaki vilevile. PMA nayo huchochea uvimbe wa saratani na huwasha ngozi, na DMSO huivusha ngozi kwa wepesi mkubwa. Glavu zibadilishwe mara zinapochafuka, siyo mwisho wa siku.

---

Jibu la 4: Usaha_wa_Kisayansi

Mimi si mtu wa VVU; kazi yangu ni kirusi cha Epstein-Barr, na naomba niingilie kwa sababu sisi tumeng'atwa na nyoka huyuhuyu.

Mwaka 1978 zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba TPA, ambalo ni jina jingine la PMA yenu, huamsha kirusi hiki katika seli B zilizokibeba kimya, na muda mfupi baadaye butireti ya sodiamu ikaongezwa kwenye orodha. Mpaka leo maabara nyingi huzichanganya hizo mbili. Kirusi chetu hakijishoni kwenye DNA ya seli kama chenu. Hukaa pembeni kama mduara wa DNA ndani ya kiini, na ufunguo wake ni jeni ya BZLF1. Ufunguo huo ukigeuka, mlolongo mzima wa kuzaliana unaanza. Hata hivyo, nasi hatupati seli zote. Ukoo mmoja wa seli huitikia vizuri, mwingine karibu usiitikie kabisa, na kemikali iliyoshinda katika ukoo wa kwanza inaweza kushindwa aibu katika wa pili.

Somo tulilolipata kwa gharama ni hili. Butireti, sawa na vorinostati yenu, huzuia vimeng'enya vinavyoondoa asetili kwenye histoni, na kwa hiyo hulegeza kromatini kila mahali, hata pale pasipohusika na virusi. Jeni yoyote ya kupandikizwa iliyokuwa imenyamazishwa inaweza kuanza kufanya kazi. Kwa hiyo kijani kikipanda, hujathibitisha kwamba kampaundi inakihusu kirusi. Pengine inaihusu kila jeni iliyosinzia. Ikiwezekana, tafuta seli za Jurkat zenye protini ileile ya kijani lakini inayoendeshwa na swichi isiyo ya VVU. Zikiwaka nazo kwa kiwango hichohicho, dai lako linapungua: una kemikali inayolegeza kromatini, siyo inayoamsha VVU mahususi. Dai hilo dogo bado ni la kuheshimika, lakini ni tofauti.

Ongezea pia ushahidi usiotegemea kijani. Pima RNA ya virusi, hasa ile ambayo haijakatwa na kuunganishwa, na upime jeni moja au mbili za seli zisizohusika ili uwe na cha kulinganishia.

---

Mwulizaji: Mizizi_na_Seli

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, na ninaandika nikiwa na unyenyekevu kuliko nilipoondoka.

Hadubini alikuwa sahihi kuhusu manjano. Seli za Jurkat zisizo na kirusi chochote, zilipopewa dozi ya juu, ziling'aa 8 katika kila 100. Kwa dozi ya kati ziling'aa kidogo sana, chini ya 1. Nilipoziosha mara mbili badala ya moja, mwanga huo ulipungua lakini haukwisha. Nilipoondoa seli zilizokufa na zilizogandana kwenye hesabu, zile 21 za dozi ya juu zilishuka hadi 11, na shanga zikaonyesha kwamba idadi halisi ya seli hai zinazong'aa kwa dozi hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya dozi ya kati. Dozi ya juu, ambayo ndiyo tulitaka kuiweka kwenye mchoro wa kwanza, nimeifuta.

Dozi ya kati imesimama. Inatoa 6 katika kila 100 dhidi ya 2 za DMSO, idadi halisi nayo imepanda, na RNA ya virusi imeongezeka takriban mara tatu. Kizuizi cha protini kinasi C kiliiondoa karibu athari yote, na CD69 imepanda, japo si kwa kiwango cha PMA. Kwa hiyo inaelekea tuko kwenye jamaa ya prostratini, ingawa umbo la molekuli, kwa maelezo ya mwenzangu wa kemia, halifanani nayo sana. Seli zenye swichi isiyo ya VVU bado sijazipata.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nilifikiri kutoa ule mwanga wa Jurkat tupu kwenye matokeo ya J-Lat, yaani asilimia kutoa asilimia. Je, hilo linakubalika? Na mwenzangu anashauri niichanganye kampaundi na vorinostati, kwa kuwa anasema hizo mbili pamoja huzidi jumla yao. Nitajuaje kwamba zimezidi kweli?

---

Jibu la 5: Hadubini

Hongera kwa kuifuta dozi ya juu. Najua ilivyo vigumu kuutoa mchoro uliokwisha kuonyeshwa kwa msimamizi.

Kutoa asilimia kwa asilimia ni njia ya haraka lakini si safi, kwa sababu mwanga wa kampaundi na mwanga wa protini hujumlishwa ndani ya seli moja, na seli iliyokuwa chini kidogo ya mstari wako wa kutenganisha kijani na giza inaweza kuvushwa na kampaundi. Badala yake tumia kingamwili inayoshika p24, protini ya VVU, ndani ya seli, iliyobebeshwa rangi nyekundu ya mbali. J-Lat zenye kirusi cha urefu kamili hutengeneza p24 zinapoamka, na kampaundi ya manjano haina nafasi kubwa ya kuingilia huko. Hesabu kama zilizowaka zile tu ambazo ni kijani na nyekundu kwa pamoja.

Kuhusu mchanganyiko, usijumlishe tu. Tuseme kemikali ya kwanza peke yake inaamsha seli 10 katika kila 100 na ya pili peke yake 20. Kama kila moja inafanya kazi bila kumjua mwenzake, hutegemei 30, kwa maana baadhi ya seli zingeamshwa na zote mbili. Unategemea 10 jumlisha 20 kutoa 2, yaani 28. Ukipata 45, zimesaidiana. Ukipata 29, hazijakufanyia lolote la ziada. Toa kwanza zile 2 za DMSO kabla ya kuanza hesabu hiyo, na uangalie vifo vya mchanganyiko peke yake, maana sumu nazo husaidiana.

---

Jibu la 6: Kumbukumbu_T

Kabla hujaingia kwenye mchanganyiko, naomba nikuulize: matokeo haya unayataka yaseme nini? Nauliza kwa sababu kati ya J-Lat na mtu anayeishi na VVU pana umbali ambao maandiko mengi huuruka kwa sentensi moja.

Jurkat ni seli za saratani ya damu, zinagawanyika daima, na protini zake za unakili ziko tele. Seli ya kumbukumbu iliyotulia haina hayo. Kila ukoo wa J-Lat una kirusi mahali pamoja kwenye DNA, ilhali kwa mtu mmoja virusi vimetawanyika mahali pengi mno. Tena kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi, seli iliyotulia yenye kirusi kinachoweza kuzaliana ni karibu 1 katika kila 1,000,000, na hifadhi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi. Ukipiga hesabu kwa hifadhi ya seli 1,000,000, itahitaji zaidi ya miaka 70 ya dawa bila kukosa mpaka iishe. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa wazo la kuviamsha virusi kwa kemikali ili seli zilizovibeba zife au ziuawe na kinga.

Mwaka 2012 kundi la David Margolis huko North Carolina liliwapa watu 8 waliokuwa kwenye dawa dozi moja ya vorinostati ya miligramu 400, na RNA ya VVU katika seli zao zilizotulia ikapanda kwa wastani wa mara 4.8. Ulikuwa ushahidi mzuri kwamba virusi vinaweza kutikiswa ndani ya mwili wa mtu. Hifadhi yenyewe haikupungua, wala haikupungua kwa maana katika majaribio ya panobinostati na romidepsini yaliyofuata. Mwaka 2014, kemikali zilizokuwa zikisifiwa zilipojaribiwa moja moja kwenye seli zilizotoka moja kwa moja kwa watu wenye VVU, hakuna hata moja iliyoweza kuvitoa virusi vyenye uwezo wa kuambukiza, na ni brayostatini pekee, inayopitia protini kinasi C, iliyoongeza RNA ya virusi kwa kiasi cha maana. Na uchunguzi wa mwaka 2013 uliolinganisha mifumo mingi ya maabara uliona kwamba hakuna hata mmoja unaofanana kikamilifu na seli za wagonjwa, ingawa vichochezi vya protini kinasi C vilifanya kazi karibu kila mahali. Kwa hiyo mlango wako ni mzuri, lakini pia ndio mlango wenye hatari, kwa sababu kuchochea seli T zote za mtu kwa pamoja ni kuukaribisha mwili mzima kwenye homa kali na madhara mengine makubwa.

Ningeandika hivi: kampaundi, kwa dozi isiyoua seli, inaongeza unakili wa provirusi (kirusi kilichojishona kwenye DNA ya seli) katika ukoo mmoja wa J-Lat, kupitia protini kinasi C. Neno "tiba" nisingeliweka popote, hata kwenye utangulizi. Na kama maabara yako ina ukoo mwingine wa J-Lat ambao kirusi chake kimekaa mahali tofauti, huo ndio ningeuendea kabla ya U1, kabla ya ACH-2 na kabla ya vorinostati.

---

Mwulizaji: Mizizi_na_Seli

Ukoo wa pili upo kwenye nitrojeni, nami nimeomba ruhusa ya kuuyeyusha wiki ijayo. Kingamwili ya p24 imeagizwa. Msimamizi ameisoma sentensi ya Kumbukumbu_T, akakaa nayo kimya kwa muda, kisha akaniambia niongeze neno "kiasi" baada ya neno "inaongeza". Nimeliongeza.